Aina tano za utafiti wa magonjwa ya ngozi: ipi ikufae wewe?

Kila mwaka, majira ya kuandika mapendekezo ya utafiti yanapofika, hunijia vijana wenye sentensi ileile: "Dokta, nataka kufanya jaribio la tiba." Ukiwauliza tiba ya nini, wanafikiri kidogo. Ukiwauliza swali lao ni lipi, wanafikiri zaidi. Darasani walichorewa piramidi ya kupanga tafiti kwa nguvu ya ushahidi, jaribio likiwa kileleni na maelezo ya mgonjwa mmoja yakiwa chini kabisa. Wakatoka pale wakiamini kwamba aliye chini ni mvivu.

Kwenye magonjwa ya ngozi piramidi hiyo hupotosha, hasa unapotafuta chanzo cha ugonjwa na siyo dawa yake. Huwezi kuwagawa watoto wa kijiji kwa bahati nasibu, nusu watembee peku kwenye udongo mwekundu kwa miaka 20 na nusu wavae viatu, ili uone ni nani atakayevimba miguu. Swali la namna hiyo lina njia yake. Kwa hiyo kama wewe ni tabibu wa ngozi, mwanafunzi wa uzamili, au daktari wa wilaya aliyeona jambo akatamani kulichunguza, na umekwama hapo pa kuchagua aina ya utafiti, tuziweke aina tano mezani tuzitazame.

Vigezo tutakavyotumia

Cha kwanza ni swali lenyewe. Je, unauliza "hiki ni nini", "ni wangapi", "kwa nini wao", au "kipi kinasaidia"? Cha pili ni muda na mfuko: nauli za washiriki, gharama ya kukata kinyama (kipande kidogo cha ngozi) na kukisoma maabara, na vibali. Tanzania kibali cha kitaifa hutoka NIMR, Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, Uganda ni UNCST. Ukigusa dawa, ongeza mamlaka ya dawa juu yake: TMDA, PPB au NDA.

Cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi: mahali ambapo ngozi itakudanganya. Ngozi inaonekana kwa macho, na hapo ndipo balaa huanza, maana kila mtu anaamini ameona. Vitabu vingi hueleza magonjwa kwa wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huja kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Mpimaji aliyefundishwa kutafuta wekundu ataandika "hafifu" kwa mtoto ambaye halali usiku kwa kujikuna. Tena wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wameshapaka mafuta ya dukani yaliyochanganywa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja, na choa iliyopakwa steroidi wiki tatu haifanani tena na choa ya kitabuni. Majina nayo ni mtego. Mama atakuambia mtoto hana ukurutu, kisha akueleze vizuri kabisa kuhusu pumu ya ngozi ya mtoto huyohuyo, kumbe ni ugonjwa uleule. Na "fangasi" mtaani ni karibu kila baka.

Cha nne: aina hiyo inamfaa nani.

1. Maelezo ya mgonjwa mmoja au wachache

*Swali.* "Hiki ni nini?" au "mbona ugonjwa huu umebadilika tabia?"

Naanza na hii kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Saratani ya Kaposi ilikuwa inajulikana Afrika Mashariki na Kati muda mrefu kabla ya UKIMWI. Kwa kawaida iliwapata wanaume watu wazima, vivimbe miguuni, ikienda polepole kwa miaka. Mwaka 1983 mpasuaji Anne Bayley, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya chuo kikuu mjini Lusaka, alianza kuona sura nyingine: wagonjwa wenye uvimbe wa tezi, ugonjwa unaoenda kasi, dawa zilizozoeleka zikishindwa. Alikuwa amewatibu wagonjwa wa Kaposi kwa miaka, ndiyo maana alijua kwamba hawa si wale. Alichapisha maelezo yao kwenye jarida la Lancet mwaka 1984. Virusi vinavyosababisha saratani hiyo vilitambuliwa miaka kumi baadaye, 1994, na Yuan Chang na Patrick Moore huko Marekani.

*Muda na mfuko.* Ndogo kuliko zote. Unahitaji simu yenye kamera nzuri, mwanga wa dirishani, mtaalamu wa kusoma vinyama, na faili zilizojazwa vizuri. Ridhaa ya picha usiichukulie mzaha. Uso ukifichwa, chale, kovu au pete bado humtambulisha mtu kijijini kwake.

*Inapodanganya.* Huna wa kulinganisha naye. Tena wanaofika hospitali ya rufaa ni wale walioshindikana kwingine, kwa hiyo ugonjwa utauona mkali kuliko ulivyo mitaani.

*Inamfaa* mtu aliyekaa kliniki moja kwa miaka na anakumbuka. Aliyefika mwezi uliopita hawezi kujua kipi ni kigeni.

2. Upimaji wa mara moja

*Swali.* "Ni wangapi, na wako wapi?" Unaenda shuleni, kijijini au kambini, unawapima wote au sampuli yao, unaondoka.

Mfano ninaoupenda unatoka Rwanda. Kuna aina ya matende ambayo haitokani na mbu wala minyoo ya filaria. Huitwa podokoniosisi, na huwapata watu wanaotembea peku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, kwenye nyanda za juu zenye mvua nyingi. Miaka ya 1970 Ernest Price, mpasuaji Mwingereza aliyefanya kazi Ethiopia, alizikuta chembe ndogo za madini ndani ya tezi za wagonjwa hao. Kwa miaka mingi baadaye, nchi nyingi hazikujua zina wagonjwa wangapi. Rwanda ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2017, ikapitia zaidi ya watu milioni 1.3 na kuwapima waliovimba miguu ili kuutenga ugonjwa huu na ule wa filaria. Ilikutwa podokoniosisi katika wilaya zote 30. Kwa waziri wa afya, ramani kama hiyo ina nguvu kuliko nadharia yoyote ya chanzo.

*Muda na mfuko.* Wiki hadi miezi michache. Gharama kubwa ni gari, posho na watu wa kupima, na unaweza kuipunguza kwa kuchagua eneo dogo.

*Inapodanganya.* Inakuonyesha vitu viwili vikiwa pamoja bila kukuambia kipi kilitangulia. Utakuta watoto wenye pumu ya ngozi wanaogeshwa kwa sabuni fulani ya bei. Sabuni ndiyo iliyowaletea, au mama aliinunua baada ya mtoto kuugua na sabuni nyingine kushindwa? Upimaji wa siku moja hauna jibu. Majira nayo huingilia: ukipima Nairobi au Mwanza mara baada ya mvua kubwa utakuta vidonda vingi vya nairobi flai (mdudu ambaye majimaji yake huunguza ngozi), kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, rudi kiangazi, hawapo. Halafu bwenini. Wanafunzi 40 wa bweni moja wenye upele (ule wa kuwasha unaoletwa na kimelea wa ngozi) si wagonjwa 40 wanaojitegemea, maana wameambukizana wenyewe kwa wenyewe. Mtakwimu wako asipoambiwa hilo mapema, hesabu ya sampuli itakuwa ndogo mno.

*Inamfaa* mwanafunzi mwenye mwaka mmoja, na daktari wa wilaya anayetaka kuombea bajeti ya dawa.

3. Kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa

*Swali.* "Kwa nini wao?" Unachukua wenye ugonjwa, unachukua wasio nao, unarudi nyuma kuuliza walitofautiana wapi.

Utafiti wa Nairobi uliochapishwa kwenye British Medical Journal mwaka 1972 bado unastahili kusomwa na kila anayetaka njia hii. Madaktari walikuwa wanaona watu wazima wengi wakivimba mwili kwa figo kuvuja protini. Katika wagonjwa 60 waliochunguzwa, zaidi ya nusu walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, kiwango kilichozidi kwa mbali matumizi ya wagonjwa wengine waliolazwa. Angalia ustadi wake: ugonjwa ulikuwa wa figo, chanzo kikawa kinapakwa usoni. Leo tunasema mkorogo, na zebaki bado hukutwa kwenye baadhi ya krimu zinazouzwa kimyakimya.

Njia hiyohiyo, kwa vifaa vya karne hii, iliturudisha kwenye podokoniosisi. Mwaka 2012 watafiti walilinganisha vinasaba vya wagonjwa 194 na watu 203 wasio wagonjwa kutoka kusini mwa Ethiopia. Walikuta tofauti katika jeni za HLA, zile zinazohusika na kinga ya mwili. Hapo tukaanza kuelewa kwa nini watu wawili huweza kulima shamba moja peku, mmoja akavimba na mwingine asivimbe.

*Muda na mfuko.* Wastani. Miezi sita hadi mwaka inatosha ukiwa na kliniki yenye wagonjwa. Vinasaba ni hadithi nyingine. Hapo tafuta mshirika mwenye maabara.

*Inapodanganya.* Kumbukumbu. Mgonjwa ameshakaa miezi akijiuliza nini kimemsibu, hivyo anakumbuka kila mafuta aliyopaka. Jirani yake mzima hakumbuki hata ya wiki jana. Aibu pia: ukimuuliza mtu mbele ya mume au mama mkwe kama anatumia mkorogo, jibu umeshalijua. Uliza faraghani, mwombe alete makopo yenyewe, na ukiweza pima mkojo. Lakini kosa linaloua tafiti nyingi za aina hii ni uchaguzi wa wasio wagonjwa. Ukilinganisha wagonjwa wa kliniki ya ngozi na wauguzi wa hospitali yako kwa sababu wapo karibu, unalinganisha maisha mawili yasiyofanana kwa lolote.

*Inamfaa* anayechunguza ugonjwa adimu, na mwenye subira ya kutafuta majirani.

4. Kufuatilia kundi

*Swali.* "Nani atapata, na lini?" Unaanza na watu wasio na ugonjwa huo, unaandika maisha yao, unangoja.

Wauguzi wa kike zaidi ya 116,000 wa Marekani walianza kufuatiliwa mwaka 1989, na kutokana nao tulijifunza kwamba uzito mkubwa wa mwili hutangulia psoriasi (ugonjwa wa mabaka yenye magamba), siyo tu kwamba mgonjwa wa psoriasi hunenepa kwa kukaa ndani. Huo mpangilio wa wakati ndio zawadi ya njia hii.

*Muda na mfuko.* Hapa wengi huanguka, kwa hiyo tufanye hesabu. Kama ugonjwa huwapata watu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka, ukifuatilia watu 300 kwa miaka miwili unatarajia mgonjwa chini ya mmoja. Shahada yako itaisha hujamwona.

*Inapodanganya.* Wanaohama, wanaobadili namba za simu, wanaochoka. Wakipotea wale waliougua zaidi, utaona ugonjwa mpole.

*Inamfaa* mwenye daftari lililokwisha kuanza. Kliniki ya CTC inayowaona watu wenye VVU kila baada ya miezi kadhaa ni kundi tayari. Vivyo hivyo orodha za kliniki tembezi za watu wenye ualbino, kama zile zinazotoka hospitali ya KCMC, Moshi, ambako pia hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun. Huko swali la "nani amepata kidonda cha kwanza cha saratani, na alikuwa na umri gani" linaweza kujibiwa bila kungoja miaka 20, ukiwa na faili zinazosomeka.

5. Jaribio la tiba kwa bahati nasibu

*Swali.* "Kipi kinasaidia?" Si "kwa nini".

Tofauti hiyo nitaikazia kwa kisa cha pumu ya ngozi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, na wenzao wa Ireland walionyesha kwamba kasoro za jeni ya filagrini, protini inayoshikilia ukuta wa nje wa ngozi, huongeza sana hatari ya ugonjwa huu kwa Wazungu. (Kwa Waafrika kasoro hizo hukutwa mara chache zaidi, kwa hiyo swali la chanzo kwetu bado lina nafasi.) Akili ikasema: kama ukuta una nyufa, tuuzibe kwa mafuta tangu mtoto anazaliwa. Nani angepinga? Uingereza wakajaribu kwa watoto wachanga 1,394 waliotoka familia zenye historia ya mzio, nusu wakipakwa mafuta kila siku mwaka mzima wa kwanza. Matokeo yalichapishwa 2020: kufikia umri wa miaka miwili, waliopakwa waliougua walikuwa asilimia 23, wasiopangiwa kupakwa asilimia 25. Hakuna tofauti ya maana, na waliopakwa walipata maambukizi ya ngozi zaidi kidogo. Chanzo kilikuwa cha kweli. Kinga iliyobuniwa juu yake haikufanya kazi. Bila jaribio tungekuwa tunawaagiza kina mama kununua makopo hadi leo.

Upande wa mafanikio, kuna Fiji. Kwenye visiwa vyake, jamii tatu zilipangiwa kwa bahati nasibu: moja ilipata huduma ya kawaida, moja ilipaka pemetrini kila mtu, moja ilimeza ivemektini kila mtu, awe na upele au asiwe nao. Baada ya mwaka mmoja, kwenye jamii ya ivemektini upele ulishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9. Zote tatu zilishuka, lakini hii ilizipita nyingine mbali. Na Ethiopia, wagonjwa 696 wa podokoniosisi walishiriki jaribio lililochapishwa 2018 la vitu ambavyo hata duka la kijijini linavyo: kuosha miguu, kupaka mafuta, kufunga bandeji, soksi na viatu. Waliotunzwa walipata mashambulizi ya homa na maumivu ya mguu pungufu kwa karibu moja ya tano. Wa kundi la pili, waliopangiwa kungoja, walipewa huduma hiyo mwaka ulipokwisha, na hilo ni jambo la kuiga.

*Muda na mfuko.* Kubwa kuliko zote. Bima ya washiriki, kamati ya usalama, kusajili jaribio kabla ya mshiriki wa kwanza, mamlaka ya dawa. Mwanafunzi peke yake asijitwike.

*Inapodanganya.* Mgonjwa anaona mafuta yapi ni meupe na yapi ya njano, ananusa harufu, anamuuliza mwenzake foleni. Kuficha nani amepewa nini ni kugumu kwenye ngozi kuliko kwenye vidonge. Ukipima kwa macho, mpimaji awe mtu asiyejua. Na kwa magonjwa ya kuambukizana kama upele, gawa kwa kaya au kijiji. Ukimtibu mtoto mmoja na ndugu yake anayelala naye ukamweka kundi la pili, umejaribu bure.

Kuhusu ridhaa nina jambo la kando. Gerhard Armauer Hansen, yule aliyevigundua vimelea vya ukoma mjini Bergen mwaka 1873, alimchoma mgonjwa wa kike jichoni kwa vimelea hivyo mwaka 1879 bila idhini yake, akitaka kuthibitisha maambukizi. Mwanamke alishtaki, na Hansen akapoteza nafasi yake hospitalini mwaka uliofuata. Linganisha na Sheffield wakati wa Vita vya Pili, ambako Kenneth Mellanby alitumia watu waliojitolea, waliokataa kubeba silaha, kulala kwenye blanketi zilizotumiwa na wagonjwa wa upele. Karibu wote hawakuambukizwa; ngozi kugusana na ngozi ndiyo iliyoambukiza. Kina mama wanaochemsha mablanketi yote ya nyumba hawajui kwamba watu wale walishawapunguzia kazi hiyo.

*Inamfaa* timu yenye mtakwimu, mfamasia na fedha, na swali ambalo madaktari wenyewe wamegawanyika juu yake kwa dhati.

Ukiwa katika hali hii

Una miezi kumi, msimamizi mmoja na fedha zako mwenyewe: chagua kati ya upimaji wa mara moja na kulinganisha wagonjwa. Swali likiwa "wangapi", nenda shuleni. Likiwa "kwa nini", baki kliniki, tafuta majirani wa wagonjwa.

Umeona wagonjwa wanne wa kitu usichokielewa ndani ya miezi miwili: usisubiri wa thelathini. Piga picha kwa ridhaa, kata kinyama, andika. Wenzako wa Mbeya, Kisumu au Bujumbura huenda wanao wawili kila mmoja na wanajiona peke yao.

Unafanya kazi wilayani na dawa za upele zinaisha kabla ya mwezi: hitaji lako ni idadi, na jaribio la ivemektini lilishafanywa na wengine. Pima, peleka takwimu kwa mganga mkuu.

Unashuku bidhaa fulani ya vipodozi: linganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, na tenga fedha za kupima zebaki kwenye makopo. Usitaje chapa yoyote kabla ya maabara kujibu.

Unataka kabisa jaribio la tiba, na moyo haukubali kingine: jiunge na timu inayolifanya, omba upewe kipande kimoja ndani yake kiwe tasnifu yako, kwa mfano namna ukali wa pumu ya ngozi unavyopimwa kwenye ngozi nyeusi bila kutegemea wekundu. Kipande hicho peke yake kitakumaliza miaka miwili.

Na kama una kabati la faili za miaka kumi ambazo hakuna aliyezifungua tangu zilipowekwa, anza kwa kuhesabu ngapi zina umri wa mgonjwa, tarehe ya kuanza kwa ugonjwa na dawa alizopaka kabla ya kuja. Zikizidi nusu, una kundi la kufuatilia. Zikiwa chini ya hapo, chapisha fomu mpya ya kliniki Jumatatu.